Askari wa reli na barabara, kwetu Kipushi analinda nini?

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kipushi. Tumeyaandika sawa vile yalitoka kinywani, tukapunguza tu vicheko na mahali watu walikatiza.)

Wandugu, wadada, na bamama wenye kusimama pale nyuma na mabeseni yao, nitaanza moja kwa moja, sababu jua liko kali na wengine wenu bado munatafuta gari ya kurudi Lubumbashi mbele ya giza.

Ndani ya kundi letu la WhatsApp mtu aliuliza hivi: "Vijana hawana kazi, maji hayatoki, umeme unakatika, na ninyi munataka kuzungumza juu ya polisi ya barabara na ya reli? Si kupoteza wakati?" Swali ni zuri. Mimi niko na diploma ya lisansi. Nimeifunga ndani ya plastiki isilowe, na mpaka leo nakula kwa sahani ya wazazi. Juu ya kukosa kazi hakuna mwenye atanifundisha kitu. Lakini fikirini kidogo: hapa Kipushi mtu anapata nini bila kutoka? Mtihani wa kuingia kazini unafanyika Lubumbashi, kilomita 30 hivi kutoka hapa. UNILU iko Lubumbashi. Unga wa mahindi wenye tunapikia bukari, mwingi unavuka kutoka Zambia. Mgonjwa wenye hali mbaya anapelekwa Lubumbashi. Kila kitu cha maisha yetu kinapita njiani, na juu ya njia kuna mtu mwenye bunduki mwenye kuitwa mlinzi. Kujua huyu mtu analinda nini si mchezo.

Sasa angalieni wakati tuko nao. Mgodi wetu ulifunguliwa mwaka 1924, wakauita Prince Léopold, jina la mtoto wa mfalme wa Ubelgiji mwenye hakuchimba hata jiwe moja. Ukafungwa mwaka 1993, na wazee wetu wanajua njaa ya ile miaka. Mwezi wa sita 2024 zinki ilianza kutoka tena, na mwezi wa kumi na moja wa mwaka ule Raisi wa Jamhuri alikuja hapa kwa sherehe. Mbele ya hapo, mwaka 2017, kampani na SNCC waliandikiana kujenga upya kilomita 34 za reli kutoka mgodini mpaka gare ya Munama, reli yetu ishikane na ile kubwa ya nchi. Na mwezi wa pili 2022 kampani, Gécamines na serikali ya jimbo walitia saini karatasi ingine, ya kuchunguza namna ya kupanua mpaka wa Kipushi ili mizigo ya biashara ipite hapa.

Reli, mpaka, barabara. Vyote vitatu vinakuja juu ya mji mmoja mdogo. Kila kimoja kinadai askari: wa kulinda wagoni, wa kulinda dipo, wa kusindikiza kamiyo, wa kusimama kwa mpaka. Basi mimi nimesoma komunike zote zenye niliweza kupata, muda wa kusoma ninao, si munajua. Nimeona tani. Nimeona kilomita na dola. Abiria sikumuona. Yule mwenye kubeba begi na mtoto hayuko ndani ya ile hesabu.

Kuna mwenye atasema, "Aba, reli ya mgodi ni ya mgodi." Sawa. Ni wimbo wa zamani. Reli ilipoingia Katanga ilitoka kusini, ikafika Sakania mwaka 1909 na Lubumbashi mwaka 1910. Ilikuja kutafuta shaba. Hakuna aliyeileta ili bibi yangu aende kusalimia dada yake. Na askari wa Force Publique walikuwa na kazi yenye kueleweka: shaba itoke, na watu wanyamaze. Mwaka 1941, tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili, wafanyakazi wa Union Minière walikuwa katika mgomo, wakakusanyika uwanjani, pale Lubumbashi, wanadai mshahara. Waliona bunduki. Léonard Mpoyi, mwenye alisema kwa niaba ya wenzake, aliuawa pale pale, pamoja na watu wengi. Siwaletei historia ili mulie. Naileta sababu ile kanuni ya askari, mzigo kwanza na mtu nyuma, hakuna siku tuliketi pamoja tukaifuta. Ilibadilisha tu mavazi: Force Publique, kisha jandarmeri, kisha garde civile, leo polisi ya taifa.

Munataka kuona kama ingali hai? Twende Buyofwe.

Buyofwe ni kijiji cha Lualaba. Usiku wa tarehe 10 mwezi wa tatu 2022, siku ya ine, karibu saa sita ya usiku, treni ya mizigo ilikuwa inatoka upande wa Luena kuelekea Tenke. Wagoni 15. Ilitoka kwa reli, wagoni zingine zikaanguka ndani ya bonde. Ilikuwa treni ya mizigo: kwa karatasi, ndani yake hakuna abiria hata mmoja. Watu 75 wakakufa. Sabini na tano, ndani ya treni yenye haikuwa na mtu.

Asubuhi redio ikatupa neno: "abiria wa siri". Ile neno nimeishika mpaka leo. Mama mwenye kusafiri na mihogo yake, mwanafunzi, baba mwenye kurudi kwa wake, mautini wanaitwa watu wa kujificha, sawa na wezi. Lakini fikirini. Watu wengi hivyo, na mizigo, na watoto, wanapandaje juu ya treni bila mtu kuona? Treni si panya. Inasimama, inapakia, inapiga honi. Sisemi nani aliona akafumba macho, wala nani alipewa kitu. Sikuwa pale, na sitaweka dhambi juu ya mtu mwenye sina ushahidi naye. Nauliza kitu kingine: mlinzi wa treni ya mizigo alipewa amri gani juu ya watu? Kama amri inasema "linda mzigo", basi mtu juu ya wagoni iko na maana mbili tu. Ni mwizi wa kufukuza, ama ni kipato cha kuacha apande. Hakuna amri ya tatu yenye kusema: huyu ni raia, treni ya abiria haiko, usiache afe.

Ile amri ya tatu, wandugu, njo tunatafuta. Na lazima tuitafute sasa, reli ya Kipushi ikingali mkataba na vipimo. Siku wagoni ya kwanza itapita Munama na zinki, kila kitu kitakuwa kimekwisha kupangwa, na sisi tutakuwa tunakimbia nyuma ya treni kama kawaida yetu.

Wengine watatuambia sheria haiko. Iko. Katiba ya 2006, artikle ya 182, inasema polisi ya taifa inashughulika na usalama wa watu wote na wa mali yao, na kushika amani. "Watu" inatangulia, "mali yao" inafuata, na ni mali yao, ya wale watu. Artikle ya 183 inasema polisi ni ya kutumikia taifa, na hakuna mtu mwenye ruhusa ya kuigeuza kwa faida yake mwenyewe. Mtu, maana yake hata mukubwa, hata kampani. Artikle ya 30 inatupa haki ya kutembea ndani ya nchi yetu. Na artikle ya 28 naomba muisome mara mbili, tena muisome pamoja na askari mwenye kuishi karibu na kwenu: hakuna mwenye kulazimishwa kutii amri yenye kuvunja sheria waziwazi.

Kwa mpaka pia kuna karatasi. Dekreti ya tarehe 28 mwezi wa tatu 2002 ilitaja idara ine zenye kufanya kazi kwa mipaka: uhamiaji, forodha, OCC na idara ya afya. Ine. Mtu mwenye amekwisha kupita kwa mpaka wowote wa Katanga ahesabu meza zenye aliona. Vidole vitaisha, aanze kuhesabu ya miguu.

Sasa tufike kwa kamba. Munajua kamba yenye nasema. Siku moja nilipanda moto, manseba alikuwa kijana wa adabu, karatasi zake zote sawa, kofia ya kichwa iko. Mahali nisipopataja, askari mmoja akatusimamisha. Akasoma karatasi, akazigeuza, akazisoma tena. Alipokosa kosa, akasema, "Na mimi nitakunywa nini?" Manseba alitoa 1.000 tukapita. Nilikuwa naenda kupeleka maombi ya kazi. Tulipofika, manseba aliongeza ile 1.000 kwa bei yangu, tena kwa haki, mfuko wake si wa kulipia kiu ya serikali. Hivi njo namna inakwenda. Tufanye mfano: kama kuna kamba tatu kwenda na tatu kurudi, na kila kamba inakula 1.000, mama mwenye kuleta makala ama unga analipa 6.000 bila kitansi, kisha anaiweka juu ya bei, kisha wewe unalalamika eti bamama wa soko wako na roho mbaya. Hapana. Ile ni kodi. Tunaikula kila siku ndani ya bukari.

Na feza ya serikali, hata ya kosa la kweli la barabarani, iko na njia yake: karatasi, benki, kitansi. Mkononi si njia. Mukikumbuka kitu kimoja tu cha leo, iwe neno "kitansi".

Lakini niseme haki pia upande ule. Tulisoma na kijana mmoja, sitamtaja, leo ni polisi. Aliniambia jambo lenye lilinikaa. Wakimpanga kulinda mali ya kampani, kuna chakula na kuna prime. Wakimpanga kulinda raia, anapewa kofia na jua. Mshahara ni kidogo, nyumba ya kambi inavuja, na watoto wanafukuzwa shule kwa ajili ya minerval sawa na wa kwenu. Basi wewe ungelinda nini? Ndiyo sababu sikubali wale wenye kupanda hapa kutukana polisi tu, watu wapige mikono, tuende nyumbani. Kama kampani njo inalisha askari, askari atatazama upande chakula kinatoka. Uchafu uko ndani ya ule mkataba wenye hatuuone: nani analipa, kiasi gani, kwa kazi gani, na raia akiumizwa nani anajibu. Tangu mwaka 2000 kampani kubwa za migodi za dunia ziko na kanuni zenye zinaitwa za hiari, juu ya usalama na haki za binadamu, zenye kusema kampani ikitumia askari wa serikali ni vizuri mpango uwe wazi, na watu wa pale wajulishwe. Hiari, ndiyo. Lakini mtu mwenye kujivuna kwa kanuni mbele ya wazungu hawezi kukasirika tukimuuliza kwa Kiswahili.

Tutazame na majirani, sababu zinki ya hapa haiishi Munama. Inapita nchi za watu mpaka baharini. Tanzania iko na Kikosi cha Polisi Reli, na tangu mwaka 2024 treni mpya ya umeme inabeba watu kati ya Dar es Salaam na Dodoma. Pale abiria iko na tikiti, iko na namba ya kiti, basi askari wa reli iko na mtu wa kulinda mwenye kujulikana. Tofauti kubwa ni ile tu: tikiti. Mtu mwenye tikiti hawezi kuitwa wa siri. Kenya nao waliunda mwaka 2011 ofisi ya raia, IPOA, yenye kuchunguza polisi kutoka nje ya polisi. Sisemi kule ni mbinguni. Mwezi wa sita 2024, Nairobi, vijana wa miaka yetu walipigwa risasi barabarani, tuliona sisi wote kwa simu zetu. Lakini kuna mlango wenye mama wa marehemu anaweza kugonga, na aliye ndani havai uniforme.

Kwetu milango iko miwili, na wengi hawaijui. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa nane 2011 juu ya polisi iliweka Ukaguzi Mkuu, ile wanaita Inspeksio jenerali. Ni polisi kukagua polisi, ndiyo, lakini barua yenye imepokelewa na muhuri ni barua. Na artikle ya 156 ya Katiba inaweka polisi mwenye kutenda kosa chini ya mahakama ya kijeshi, kwa hivyo mlango wa pili ni auditora ya kijeshi, Lubumbashi. Mtu asikudanganye eti ukashitakie polisi kwa shefu wa kartie. Shefu wa kartie atakupa kiti, atakupa maji, mutaongea vizuri, mambo yataishia pale.

Sasa neno lenye halitapendeza watu wengine hapa mbele. Reli inaibiwa. Bulo zinafunguliwa usiku, kebo zinakatwa, chuma kinauzwa kwa wenye kununua mitraye, na si wageni wenye kufanya vile. Tunawajua, wengine tunakunywa nao. Bulo moja yenye imetolewa inaweza kuangusha treni, na mwenye kufa ni yule yule mama wa juu ya wagoni. Kwa hiyo tusiseme hatutaki polisi ya reli. Tunaitaka. Mimi naitaka sana! Nataka askari atembee juu ya reli usiku, akamate mwenye kufungua bulo, amuandikie pevé, na ndani ya masaa 48 afikishwe mbele ya mwenye kuhukumu ama aachiliwe, sawa vile artikle ya 18 inasema. Bila kumpiga, na bila kumuuzia uhuru wake kwa susia.

Barua yetu ni ya page mbili. Itakwenda kwa gavana, kwa administrateri wa teritware, kwa komisaria ya polisi ya jimbo, kwa SNCC na kwa kampani, kila mmoja na kopi yake. Tunadai mkataba wa ulinzi wa reli na wa mpaka utangazwe mbele treni haijaanza, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili, ubandikwe pale watu wanapita. Tunadai kwenye reli ya Kipushi kuwe hata wagoni moja ya abiria, yenye tikiti, asubuhi na jioni. Hii njo roho ya barua. Wakikataa hii na kukubali mengine yote, bado tutakuwa na Buyofwe yetu siku moja. Tunadai askari wa reli na wa barabara avae jina na matrikule yenye kusomeka mchana. Tunadai orodha ya vizuizi vyenye vimeruhusiwa kati ya Kipushi na Lubumbashi, na saini ya mwenye aliruhusu. Kama orodha ni tupu, waandike kwamba ni tupu. Kulikuwa na pointi ingine juu ya taa za barabarani, komite iliitoa sababu ilitupeleka mbali. Mimi nilipiga kura ya kuibakisha, lakini nilishindwa.

Juu ya kamba, kila siku, munajua kanuni za harakati yetu. Hatupigani, hatutukani, haturushi jiwe. Askari akiomba, unamsalimia, unauliza kosa ni gani, unaomba kitansi. Asipotoa, unaandika siku, saa, mahali, matrikule kama iko. Usimvutie simu usoni, utavunjiwa simu na hatuko na feza ya kukununulia ingine. Uandike ukifika. Daftari itakuwa kwa kila section, na kila mwisho wa mwezi tutakusanya. Karatasi kumi zenye tarehe zinasumbua ofisi kuliko vijana mia wenye kupiga kelele. Manseba wenye wako hapa, ninyi njo munapita zaidi, tunawahesabu.

Tarehe ya kupeleka barua tutaitangaza kwa ukurasa wetu, na tutajulisha mamlaka kwa maandishi mbele, sawa vile artikle ya 26 inadai, wasipate sababu. Watu ishirini wanatosha kuibeba. Wenye kuwa na mtihani siku ile wabaki shuleni, tafazali, hatutaki wazazi watuchukie.

Barua iko pale kwa meza, kwa yule dada mwenye kitenge cha kijani. Soma mbele ya kuweka saini. Mwenye hasomi Kifaransa, atasomewa kwa Kiswahili, polepole, mpaka mwisho. Bamama wenye mabeseni, ninyi mupite wa kwanza, gari ya mwisho haitawangojea.

Sasa maswali. Naona mkono wa papa mwenye kofia, anafanana mtu wa reli wa zamani. Papa, anza wewe, tunakusikiliza.